Volti Kumi na Mbili za Kasulu na za Kibondo

Yusta Ndayikeza aliuza vitenge katika soko la Kasulu, na wateja wake wengi hawakujua kwamba chini ya meza yake, nyuma ya marobota, kulikuwa na redio saba alizozitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Hazikuwa za kuuza. Nyingine zilikaa ndani ya makopo ya maziwa ya unga, moja ndani ya kibuyu, na moja, aliyoipenda kuliko zote, ilikaa ndani ya kiatu cha mumewe kilichopotelewa na mwenzake. Mambo hayo aliyaanza akiwa na miaka thelathini na nane, redio ya marehemu baba yake iliponyamaza na fundi akamwambia aitupe. Hakuitupa. Aliifungua, akaiogopa kwa wiki mbili, kisha akaanza kuigusa. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na siku ambayo soko halina watu aliweza kukuacha umesimama mbele yake na hela mkononi, kwa sababu yeye alikuwa ameinamia kiatu akisikiliza taarifa ya habari.

Mumewe Bazilio, mfanyabiashara wa maharage, alikuwa ameshakubali yaishe. Watu wakimuuliza mkewe anafanya nini na zile nyaya, alijibu kwamba wanawake wengine hufuga kuku.

Yusta hakuwa peke yake. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la watu kumi na mmoja, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, waliopenda umeme mdogo mdogo kama wengine wanavyopenda mpira. Mwenyekiti wao alikuwa Pasikali, fundi wa vifaa vya hospitali aliyeishi Kabanga, mtu mpole asiyependa kuandika zaidi ya mstari mmoja. Pasikali ndiye aliyeagiza pawasaplai, mashine ya kutoa umeme kwa kipimo, kutoka Dar es Salaam. Mpaka wakati huo kila mmoja wao alijitafutia umeme wa majaribio kwa njia zake: betri ya pikipiki, chaja ya simu iliyokatwa mkia, betri za tochi zilizofungwa kwa mpira. Pawasaplai ilikuwa jibu la yote hayo. Ilikuwa ndogo kama nusu mkate, ina vioo viwili vya tarakimu na vifundo viwili vya kuzungusha. Kifundo cha kwanza kinachagua volti unazotaka. Cha pili kinaweka kikomo cha umeme, ili ukikosea kuunganisha waya mashine ijizuie yenyewe badala ya kuunguza kitu.

Walikubaliana kuijaribu kabla wengine hawajaagiza za kwao. Yusta angekaa nayo wiki moja, kisha ingepelekwa Kibondo kwa Lusajo, mwalimu wa fizikia, naye akae nayo wiki moja. Kila mmoja angeandika alichokiona.

Yusta alianza kwa utundu. Aliiweka juu ya meza ya chakula, akaiwasha, akazigusanisha nyaya zake mbili kwa makusudi, jambo ambalo kwa betri ya pikipiki lingeleta cheche na moshi. Taa ndogo nyekundu iliwaka, mashine ikatulia, hakuna kilichoungua. Alirudia mara nne, kwa raha ya mtu anayemchokoza mbwa aliyefungwa. Kisha akaunganisha redio ya kiatu. Ilisema vizuri, lakini nyuma ya sauti ya mtangazaji palikuwa na mluzi mwembamba usiokoma, kama mbu kanisani. Akaweka betri, mluzi ukaondoka. Akarudisha mashine, mluzi ukarudi. Hilo alilikariri.

Mwisho alichukua testa yake, kile kipimo cha mkononi cha fundi umeme, aliyoinunua palepale sokoni. Aliiambia mashine itoe volti kumi na mbili kamili. Kioo cha mashine kikasema kumi na mbili. Testa ikasema kumi na mbili nukta sita. Alijaribu kwa tano, testa ikasema tano na robo. Akajaribu tena asubuhi, mambo yakawa yaleyale.

Ripoti yake kwenye kundi ilikuwa fupi. Aliandika kwamba mashine ina sura nzuri na haichomi mtu, lakini ina tabia mbili mbaya: inaimba, na inasema uongo. Akaongeza kwamba katika biashara ya vitenge, muuzaji anayezidisha kipimo bila kuombwa ana jambo analolificha.

Akaifunga kwenye kitenge chakavu, akaikabidhi basi la asubuhi.

Kule Kibondo, Mwalimu Lusajo aliipokea jioni ya siku hiyohiyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenyeji wa Tukuyu, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu Kibondo. Akili yake yote ya baada ya kazi aliimalizia kwenye amplifaya, na majirani zake kwenye nyumba za walimu walizijua nyimbo zake zote hata wasipotaka. Testa yake haikuwa ya tarakimu. Ilikuwa ya mshale, sanduku jeusi zito alilopewa na mjomba wake aliyefanya kazi ya reli, na aliliamini kama watu wanavyoamini mizani ya duka la dhahabu. Lilikaa kwenye rafu iliyotundikwa juu ya meza, na Lusajo alilisoma akiwa ameketi kwenye kigoda, shingo kaigeuza kidogo kuinua macho.

Aliweka mashine kwenye kumi na mbili. Mshale ukaenda, ukasimama kwenye kumi na moja nukta sita.

Lusajo hakuandika mistari minne kama Yusta. Aliandika kurasa nne, zenye jedwali, mchoro na kichwa cha habari. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mashine haizidishi hata kidogo, inapunja. Kuhusu mluzi alisema hakuusikia. Mstari wa mwisho ulisema kwamba matokeo yake hayakubaliani na madai ya dada Yusta.

Kundi likachangamka kuliko siku zote. Mtu mmoja wa Makere aliuliza kama ni mashine moja au mbili. Mwingine akasema ikiwa Kasulu inakula inashiba, ikifika Kibondo inashinda njaa, kwa hiyo kosa ni la wapishi wa Kibondo. Walitokea waliosema ni baridi, waliosema ni mtikisiko wa basi, na mmoja aliyetaka ipelekwe Kitanga ili ijulikane huko itasemaje. Kwa siku mbili ilikuwa furaha tupu. Siku ya tatu Lusajo, akidhani anamsaidia Yusta, alieleza kwa upole kwamba testa za sokoni ni za plastiki na haziwezi kulinganishwa na kifaa cha maabara. Yusta alijibu kwa sauti ya kurekodi, na sauti hiyo wengine waliisikiliza zaidi ya mara moja. Alisema kwamba testa ya mwalimu ilitengenezwa kabla yeye Yusta hajazaliwa, kwamba hata watu wa umri huo tunawaheshimu lakini hatuwatumi dukani, na kwamba mtu asiyesikia mluzi unaotoboa sikio apimwe yeye kwanza, mashine baadaye.

Baada ya hapo wote wawili wakanyamaza. Siku tatu hakuna aliyeandika neno. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka, maana kundi lenyewe lilikuwa dogo na hao wawili ndio waliokuwa wakilichangamsha.

Pasikali akaandika mstari wake mmoja: Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu Kabanga, kila mtu na testa yake.

Lusajo alitoka Kibondo na basi la alfajiri, mashine mapajani na lile sanduku jeusi miguuni, na njia nzima mpaka Makere alipanga maneno ya kumshinda yule dada wa Kasulu bila kumvunjia heshima. Alipoingia barazani kwa Pasikali alimkuta mama mnene kiasi, kavaa kitenge cha rangi ya chungwa, amekaa na mkoba magotini kama aliyekuja kwenye kesi. Maneno yote yakamtoka kichwani.

“Wewe ndiye mwalimu?” Yusta aliuliza.

“Ndiyo mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Kumbe ndiwe unayeniita dada.”

“Picha yako ya WhatsApp ni redio, mama. Haikuonyesha umri.”

Yusta alimtazama. Naye alikuwa amemtarajia mzee mwenye mvi na miwani ya kamba. Mbele yake alisimama kijana mwembamba ambaye shati lake lilihitaji kunyooshwa pasi. Hasira aliyokuja nayo kutoka Kasulu haikuwa saizi ya kijana huyo. Lakini hakutaka kuonyesha mapema kwamba imepungua, akaelekeza macho kwenye mashine.

Pasikali aliwasalimu kwa Kiha, mwakeye, akakumbuka mwalimu ni mgeni, akarudia kwa Kiswahili. Mezani alikuwa ameshaweka testa ya kazini, ambayo alikuwa ameruhusiwa kutoka nayo kwa saa chache. Kwenye kifuniko chake palikuwa na karatasi yenye muhuri kuonyesha kwamba ilikaguliwa mwaka huo huo, kwa sababu testa hiyo ndiyo inayopima mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua, na huko hakuna utani. Hakuna aliyeipinga.

Aliwasha pawasaplai, akaiweka kwenye kumi na mbili. Testa ya Yusta: kumi na mbili nukta sita. Testa ya Lusajo, aliyoisoma mwenyewe akiwa ameketi: kumi na moja nukta sita. Testa ya hospitali: kumi na mbili nukta sifuri moja.

Pasikali akarudia kwa tano, kisha kwa tisa. Kila mara mashine na testa ya hospitali vilisema neno moja, na zile testa nyingine mbili zikavuta huku na huku.

“Mashine haina kosa,” alisema Pasikali. “Kilichobaki ni chenu.”

Simu yake ikaita. Kuna mashine ya wodini iliyokuwa ikipiga kelele na wauguzi walikuwa wakimtafuta. Alichukua ile testa yenye muhuri, akawaonyesha chupa ya chai, akaondoka kwa pikipiki, na wale wawili wakabaki barazani na aibu yao.

Walikunywa chai. Lusajo, ili mikono yake iwe na kazi, akaanza kupima upya. Alikaa kwenye stuli, akalisogeza sanduku jeusi upande, akageuza shingo kuangalia mshale.

“Mwalimu,” Yusta akasema, “mbona unauchungulia kama unatazama sufuria ya jirani?”

“Nausoma, mama.”

“Unausomea ubavuni. Njoo uusomee usoni. Mimi nikipima kitambaa nimesimama pembeni mwa rula, mteja analia.”

Lusajo akalikumbuka somo lake mwenyewe. Kila mwaka aliwafundisha watoto wa kidato cha kwanza kwamba ukikitazama kipimo kwa upande, mshale utauona mahali ambapo haupo. Aliwachorea jicho ubaoni, akawapa mtihani, na aliyekosea alimkata alama. Akasimama, akalisogelea lile sanduku, akatazama mshale moja kwa moja kutoka juu. Kumi na moja nukta nane. Akachomoa nyaya. Mshale ukarudi, lakini haukufika kwenye sifuri. Ulilala nyuma yake kidogo, na ulikuwa ukilala hapo, alikiri baadaye, tangu mjomba amkabidhi. Kulikuwa na skrubu ndogo ya kuurekebisha. Yusta ndiye aliyekuwa na bisibisi nyembamba mkobani. Aliizungusha Lusajo mwenyewe, taratibu, mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri. Walipopima tena, ulisimama kwenye kumi na mbili.

“Watoto wangu wa kidato cha kwanza wasijue,” alisema.

Yusta alicheka mpaka chai ikamwagika. Alicheka bila ubaya, na Lusajo naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwa yeyote kati yao. Kisha mwalimu akaomba ruhusa ya kuishika testa ya plastiki. Aliigeuza, akaitazama. Kioo chake kilikuwa na ufa kwenye kona, na juu ya ufa palibandikwa utepe mweusi wa umeme.

“Mama, huu utepe unaficha nini?”

“Haufichi kitu. Kioo kilipasuka mwaka juzi.”

“Naomba niubandue.”

Aliubandua. Chini yake, kwenye kona ya kioo, kulikuwa na alama ndogo ya betri ikipepesa kama mtu aliyechoka kuita. Lusajo alimweleza kwamba testa nyingi za bei nafuu betri yake ikiisha hazizimi, bali husoma juu ya ukweli. Ni sawa na rula ambayo yenyewe imefupika, kila kitambaa unachokipima kinaonekana kirefu. Kwenye rafu ya Pasikali kulikuwa na betri mpya za aina hiyo. Wakaazima moja, wakaahidi kuirudisha. Testa ya Yusta ikasoma kumi na mbili kamili.

Lusajo alingoja acheke tena. Yusta hakucheka. Aliiweka testa mezani, akakaa akiitazama.

Alikuwa amemkumbuka Leonidasi Nsabimana, mzee aliyeuza vifaa vya sola meza ya tatu kutoka kwake. Miezi miwili nyuma, mteja mmoja alimwomba Yusta ampimie kifaa cha kuchajia betri alichokinunua kwa Leonidasi. Kilitakiwa kutoa kumi na nne nukta nne. Testa yake ilisema kumi na tano nukta moja, na Yusta, mbele ya watu, alisema kwa sauti kwamba kifaa hicho kitachemsha betri kama maharage. Mteja akarudisha. Wengine wawili wakarudisha. Leonidasi hakugombana naye; aliacha tu kumsalimia.

Alimsimulia mwalimu yote hayo. Lusajo akammiminia chai nyingine.

“Basi tumalize hii kazi,” Yusta akasema. “La Leonidasi ni la kwangu.”

Ulibaki mluzi. Yusta alitoa redio ya kiatu kutoka mkobani, na Lusajo, aliyekuwa amesoma juu yake lakini hajawahi kuiona, aliikagua kwa heshima. Waliiunganisha kwenye mashine. Mwanzoni Lusajo alisema hasikii. Yusta akamwambia aache kusikiliza taarifa ya habari, asikilize nyuma yake. Lusajo alifumba macho, na polepole uso wake ukabadilika. Amplifaya zake zilikuwa zimemzoesha kelele kubwa. Hii ndogo ilikuwa imempita. Aliukubali mluzi, tena akajua unakotoka: mashine ndogo namna hii huukatakata umeme kwa kasi sana ili ukae kwenye boksi dogo, na redio husikia ule ukataji. Walitafuta kwenye boksi la takataka la Pasikali, wakapata waya wa kompyuta mbovu wenye kile kifundo cheusi kinene kwenye shingo. Wakakipasua, wakatoa bangili yake ya ndani, ile inayozuia kelele za umeme, wakazipitisha nyaya za mashine ndani yake mara tano. Mluzi ulipungua sana. Haukuisha.

Ripoti ya pamoja waliiandika palepale, Lusajo akishika kalamu. Walibishana juu ya jedwali, ambalo Yusta alilikataa, na juu ya neno “kuimba”, ambalo Lusajo alisema si la kitaalamu na Yusta akasema linaeleweka. Likabaki. Ripoti ilisema kwamba pawasaplai inasema kweli, kwamba kikomo chake cha umeme kinafanya kazi, kwamba inaimba lakini inanyamazishika kwa kiasi, na kwamba waliosema vinginevyo wanaomba radhi kwa mashine na kwa wanakundi. Wakaweka majina yao mawili, wakaipiga picha na kuituma kwenye kundi. Wanakundi waliwacheka siku nzima, kisha saba kati yao wakasema wataagiza. Ikaamuliwa Yusta akae na mashine wiki nyingine, kwa sababu alikuwa ameibeba tayari.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua marobota, alikwenda meza ya tatu. Leonidasi alikuwa akifuta vumbi kwenye sola. Yusta alimpa shikamoo, akamweleza habari ya betri na utepe bila kujipunguzia kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Ulilisema mbele ya watu,” alijibu.

“Ni kweli, mzee.”

“Basi subiri watu wafike.”

Akasubiri. Saa nne, soko lilipojaa, alisimama mbele ya meza ya Leonidasi, akapima vifaa vitatu kimoja baada ya kingine, akisoma kwa sauti ile ile aliyoitumia mara ya kwanza. Kumi na nne nukta nne. Kumi na nne nukta nne. Kumi na nne nukta tatu. Alisema kosa lilikuwa la testa yake na la kwake mwenyewe. Watu walisikiliza, wengine wakacheka, mmoja akauliza bei. Yusta aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, kisha akaiona inashuka, na hakufa.

Leonidasi alimvutia kiti. Akataka kujua hiyo mashine iliyoanzisha yote hayo ni mashine gani, na Yusta akaenda kuileta. Mzee aliizungusha vifundo, akamwomba amsomee ripoti, naye akamsomea yote kutoka kwenye simu.

“Haisemi kama inachaji betri ya pikipiki,” alisema.

Yusta alikiri kwamba hakuna aliyejaribu. Leonidasi akainama chini ya meza, akatoa betri ya pikipiki iliyokufa nusu. Walichomeka mashine kwenye soketi yake, wakaiweka kwenye kumi na nne nukta nne, kikomo chini kabisa, wakaunganisha. Taa nyekundu ikawaka na betri ikaanza kunywa. Walikaa wakiitazama, wakizungumza habari za mvua na bei ya nyaya, na ilikuwa imepita nusu saa umeme ulipokatika soko zima. Feni ya saluni ya jirani ikasimama. Muziki ukanyamaza. Lakini vioo vya pawasaplai viliendelea kung’aa.

“Inatumia umeme gani?” Leonidasi akauliza.

Yusta alitazama ile mashine, kisha betri, akaelewa, akauchomoa waya wa betri haraka. Tarakimu zikazimika. Ilikuwa imegeuka, betri iliyokuwa ikinyweshwa sasa ndiyo iliyokuwa ikinyonywa. Mzee alisema ego, ile ndiyo ya Kiha, taratibu, kama aliyemkamata mtu mzima akilamba sukari. Yusta akatoa simu, akaanza kuongeza kipengele cha tano kwenye ripoti.